Mutuku Hayuko

Kwa miaka ishirini na saba Mbithe aliulizwa swali moja, na kwa miaka ishirini na saba alilijibu kwa neno moja. Waliokuja kuhesabu watu walimuuliza. Walioandikisha chakula cha msaada walimuuliza. Mwalimu alimuuliza siku alipompeleka kifungua mimba wake darasa la kwanza. Mama, bwana yuko wapi? Naye alijibu, hayuko, akanyamaza, na mwenye kalamu akajiandikia alichotaka. Mmoja aliandika kwamba bwana anafanya kazi Mombasa. Mwingine aliandika dereva wa masafa marefu, na hakuwa wa kulaumiwa, maana Maungu ni mahali pa malori na nusu ya mabwana wa hapo hawajulikani walipo. Mbithe hakuwasahihisha. Hakuwa amesema uongo, na hilo lilimtosha.

Kisha ikaja fomu ya mkopo wa maji.

Ieleweke kwamba maji yenyewe yalikuwako. Yalikuwa chini kabisa, kwenye kisima kirefu kilichokuwa kimefungwa mashine ya dizeli, na kwa miaka sita mashine hiyo ilikohoa na kupandisha maji ya kutosha familia sitini na tatu. Halafu ikafa. Fundi alikuja kutoka Voi akaifungua, akaitazama, akaifunga tena na kuomba nauli ya kurudi. Tangu siku hiyo watu wakawa wanategemea boza, lile lori la tangi linalopita mara mbili kwa wiki likijisikia, na lisipojisikia watu hushinda kando ya barabara na mitungi yao mitupu wakila vumbi la malori mengine.

Nyumbani kwa Mbithe maji yalipimwa kwa kikombe cha bati. Mpimaji alikuwa Koki, bibi mzee wa nyumba ile, ambaye alikuwa amepita miaka themanini na macho yake yamefunga ukungu, lakini kidole chake kiliijua ile alama ya msumari ndani ya kikombe. Maji ya kunawa uso yaliishia kwenye alama. Hayo hayo, yakishanawiwa, yalikwenda kwenye beseni, yakaoshea vikombe, na yaliyobaki wakapewa kuku. Mbithe alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara kuu, akiwauzia madereva chai na muthokoi wa mahindi na maharagwe, na kila alipochota kikombe cha ziada kwa ajili ya biashara alisikia sauti ya Koki kutoka ndani: "Umepima?"

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba ina mfuko wa kukopesha miradi ya maji ya vijijini, mkopo wa kununua paneli za sola na pampu na bomba, watu wa Maungu hawakuuliza mara mbili. Walimchagua Gabriel kuwa mwenyekiti, Mtaita mtaratibu aliyestaafu reli, na Onesmus kuwa katibu kwa sababu alikuwa na simu nzuri. Mbithe akawa mweka hazina. Alikuwa ameishia darasa la nane, lakini alipenda kalamu kuliko wengi waliompita, na mwandiko wake ulikuwa ule wa kukufanya utake kukisoma hata kile usichokitaka.

Kazi yote ikamwangukia yeye. Mfuko ulitaka cheti cha kikundi, na nakala ya cheti, na barua ya kuthibitisha kwamba nakala inafanana na cheti. Ulitaka minuti za mikutano ya miaka mitatu, majibu ya maabara kwamba maji yananyweka, namba za ushuru za viongozi, ramani ya mahali bomba litakapopita na saini ya kila mwenye shamba litakalopitiwa. Waliotunga orodha ile hawakuwa wamewahi kutembea kilomita tisa kutafuta saini ya mtu aliyekwenda kuchunga huko Ndara na kurudi bila hiyo saini. Mbithe alitembea. Miezi minne alitembea, na mwishowe faili likanenepa mpaka akalifunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Palibaki ukurasa mmoja tu, ule wa wadhamini. Viongozi watatu walitakiwa kuudhamini mkopo, na kila mdhamini alete jina la mwenzi wake wa ndoa, namba ya kitambulisho cha huyo mwenzi, na saini ya kuonyesha kwamba ameridhia. Mke wa Gabriel aliweka saini akiwa amesimama, mkono mmoja una unga. Mke wa Onesmus vilevile. Kwenye sehemu yake, Mbithe aliandika jina, Mutuku Ngui, akaacha kwingine kote wazi, akaomba Mungu kwamba kwenye faili nene namna ile mtu hatafika mpaka huko.

Walifika. Jumanne asubuhi aliitwa ofisini Voi, na aliyemwita alikuwa msichana aitwaye Mwende, mwenye miwani, mpole, ambaye alikuwa amelipitia faili lote na kulisifu.

"Mama, ningekuwa na mafaili kumi kama hili ningelala mapema," Mwende alisema. "Lakini hapa kwa bwana umeacha wazi. Bwana yuko wapi?"

"Hayuko," Mbithe akasema.

Akangoja kalamu iandike inachotaka. Kalamu haikuandika. Mwende alikuwa akitazama kompyuta.

"Hayuko amesafiri, hayuko mliachana, ama hayuko alifariki? Hii sistimu inataka kujua ni hayuko gani."

Neno lililombeba Mbithe miaka yote hiyo lilikuwa limekatwa vipande vitatu mbele yake, na hakuna kipande kilichokuwa chake. Akageuka kuhakikisha kwamba Gabriel yuko nje barazani, akainama juu ya meza na kusema kwa Kikamba, taratibu, kwamba yeye ni iweto.

Mwende akavua miwani. Alikuwa Mkamba wa Machakos, na nyanya yake mwenyewe alikuwa ameoa mke. Hakuhitaji kuelezwa.

Asiyejua naye aelezwe. Koki na mumewe Ngui walihama kutoka Mutomo miaka ya sabini wakaja kulima Maungu, ambako mvua ilikuwa mbaya vilevile lakini barabara ilikuwa karibu. Hawakupata mtoto. Ngui alipofariki, Koki alibaki na shamba, na nyumba, na jina la mume ambalo lingekufa naye. Basi akafanya walichofanya wanawake wa kwao tangu zamani. Alichukua mbuzi watatu wa ntheo, ambao bila wao kwa Wakamba hakuna ndoa, akawapeleka Ikutha kwa baba yake Mbithe, akaketi na kusema, "Nimekuja kumposea mwanangu Mutuku." Kila mtu mle ndani alijua kwamba Koki hana mwana. Hakuna aliyecheka. Baba yake Ngui aliitwa Mutuku, kwa hiyo mwana wa kwanza wa Ngui angeitwa Mutuku, na kama angezaliwa angekuwa na umri wa kuoa. Kuzaliwa tu ndiko hakukuwa kumetokea. Mbithe alikuwa na miaka kumi na tisa. Anachokumbuka ni kwamba yule mama alimgeukia yeye, si baba yake, akamuuliza, "Utakaa na mimi?" Akasema atakaa, na hivyo akaolewa na jina.

Hajajuta. Watoto walipatikana jinsi watoto wanavyopatikana, na aliyewaleta hakuulizwa na hakudai. Wa kwanza akaitwa Ngui, jina la babu yake, wa pili akaitwa Mwelu, na vyeti vyao vya kuzaliwa vikaandikwa baba ni Mutuku Ngui. Mbithe alimwita Koki mwaitu, mama, kama mke anavyomwita mama wa mumewe. Na Koki alimtaja Mutuku kila siku. Mutuku angepanda kunde pale. Mutuku asingekubali mtoto ajibu hivyo. Hakuna siku hata moja aliyosema marehemu Mutuku. Mwanawe hakuwa amekufa. Hakuwako, basi.

"Najua, mama," Mwende akasema kwa Kikamba. "Lakini angalia hapa." Akaizungusha kompyuta. Palikuwa na vijisanduku vitatu: ameolewa, mjane, hajaolewa. "Ukiwa umeolewa, hata kama mliachana bila karatasi ya korti, inataka kitambulisho cha bwana. Ukiwa mjane, inataka karatasi ya kifo. Ukiwa hujaolewa, unaapa mbele ya wakili kwamba hujawahi kuolewa."

"Siwezi kuapa hivyo."

"Ni karatasi tu, mama."

Lakini karatasi haikuwa karatasi tu. Marehemu Ngui, mume wa Koki, alikuwa na mtoto wa ndugu yake, Muinde, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akilitazama lile shamba la barabarani na kuona maegesho ya malori. Muinde alisema waziwazi kwenye baa kwamba yule mwanamke hakuolewa na mtu, ni mfanyakazi tu, na bibi mzee akifunga macho atarudishwa Ikutha na watoto wake wasio na baba. Kitu kimoja tu ndicho alichokikosa Muinde, nacho ni kiapo cha Mbithe mwenyewe, chenye muhuri.

Aliuliza kama anaweza kuondolewa kwenye udhamini, awekwe mwingine. Anaweza, Mwende alisema, kwa mkutano maalumu wenye notisi ya siku ishirini na moja. Dirisha la mkopo lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi.

"Kwa vifo vya zamani, vya nyumbani," Mwende akaongeza, akiwa haangalii mtu, "tunakubali barua ya naibu chifu. Iwe na chapa ya dole la mzazi wa marehemu. Mimi sijasema kitu, mama. Nimesoma tu kilichoandikwa."

Gabriel alikuwa barazani, kofia magotini. Ilibidi aambiwe, na Mbithe alimwambia kwa maneno machache kuliko aliyowahi kuyatumia maishani. Walikuwa majirani kwa miaka ishirini, na kila Krismasi Gabriel alikuwa akimwambia, "Mama Ngui, msalimie mzee huko aliko."

"Kwa hivyo zile salamu zangu zote..." alisema.

"Nilizifikisha, mwenyekiti. Nilimpa mwaitu."

Gabriel akataka kucheka, akashindwa. Akaitazama kofia yake.

"Mama Ngui, mimi si wa kabila lenu, nikikosea niambie. Huyu mtu hajazaliwa. Tukiandika amekufa, nani ameumia?"

Nyumba ya Koki ilikuwa imesimama juu ya mtu ambaye hajafa, na hilo haliandikiki popote. Upande wa pili kulikuwa na familia sitini na tatu. Mbithe alizijua moja moja, maana yeye ndiye aliyezitembelea kwa ajili ya saini. Alimjua mama mwenye mapacha anayewaogesha kwa kitambaa. Alijua shule inayowaambia watoto waje na maji ya chupa. Alijua pia, na hili lilimwaibisha, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuulizwa kama amepima.

"Twende kwa naibu chifu," akasema.

Naibu chifu alikuwa mgeni, amehamishwa mwaka uliopita kutoka Mata, na hakumjua yeyote. Walimkuta Jumatano asubuhi akiwa na haraka ya mkutano. Gabriel ndiye aliyeanza, akasema kuna kifo cha zamani ambacho hakikuandikishwa, na naibu chifu akasema hivyo ni vingi mno, akachomoa karatasi.

"Jina la marehemu?"

"Mutuku Ngui," Mbithe akasema.

"Alifariki kwa nini?"

"Homa."

"Alizikwa wapi?"

"Nyumbani."

"Tarehe?"

Hapo akakwama. Hakuwa amefikiria tarehe, yeye ambaye hakuwahi kwenda ofisini bila kufikiria. Alitaka kusema yoyote, iishe. Lakini mkono wa hesabu ulikuwa ndani yake. Akifa mapema, mwanawe Ngui atakuwa amezaliwa na marehemu. Ngui alizaliwa mwaka wa elfu mbili, Mwelu elfu mbili na tatu. Alipaswa kumweka hai mpaka hapo. Mwaka wa tatu wenyewe ungetosha, mwezi mmoja baada ya Mwelu kuzaliwa ungetosha kabisa kwa karatasi. Mbithe akajikuta anamhurumia. Akampa miaka miwili zaidi.

"Kumi na nne Aprili," akasema, "elfu mbili na tano."

Naibu chifu akaandika, akapiga muhuri, akaonyesha mahali pa dole la mzazi. Akawakopesha kikopo chake bapa cha wino na kuwaambia pole.

Siku hiyo mchana Mbithe alimkuta Koki nyuma ya nyumba, kwenye kigoda chake, akichambua mbaazi kwa vidole. Njiani alikuwa ameshaamua asimwambie. Angemwambia ni karatasi ya maji, ambayo ni kweli, na mama angeweka dole, na Mutuku angeendelea kutajwa asubuhi na jioni bila anayemtaja kujua kilichoandikwa. Alikuwa na sababu nzuri na zote alikuwa amezipanga. Alipiga magoti, akafungua kikopo cha wino.

"Mwaitu, nipe mkono. Ni karatasi ya maji, wanataka dole lako."

"Mimi si wa kamati."

"Wanataka la mzee wa nyumba."

Koki akapanguza mkono kwenye leso, akaunyosha, halafu akaurudisha.

"Nisomee."

Mbithe akasoma. Alikuwa akiitafsiri kwa Kikamba kadiri anavyokwenda, kama alivyomsomea kila karatasi iliyowahi kuingia nyumba ile. Alisoma ofisi ya naibu chifu, akasoma namba ya barua, akasoma kwa yeyote inayemhusu. Kisha akaruka mstari, akasoma mahali pa dole.

"Umeruka," Koki akasema.

"Sijaruka, mwaitu."

"Kuku wakisikia sauti hiyo watakimbia. Umeruka. Soma."

Aibu ilimfika Mbithe usoni ikawa moto. Katika miaka yote ile hakuwa amemdanganya mwanamke huyu hata juu ya kikombe cha maji. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma ilivyo. Jina la marehemu, Mutuku Ngui. Mama wa marehemu, Koki Ngui. Alipomaliza hakuinua macho.

Vidole vya Koki vilirudi kwenye mbaazi, vikachambua, vikasimama.

"Ni hiyo, ama hakuna maji?"

"Ni hiyo, ama niape kwamba sikuolewa hapa."

"Hilo usifanye."

"Silifanyi."

Boza likapita barabarani bila kupunguza mwendo, likielekea Voi. Wote wawili walilisikia, wakaliacha litokomee.

"Alikuwa mgonjwa?" Koki akauliza.

Mbithe hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliiweka karatasi magotini.

"Alikuwa na homa, mwaitu."

"Siku ngapi?"

"Chache. Siku tatu."

"Hakuteseka?"

"Hakuteseka."

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye. Wewe pia ulikuwa."

Koki akatikisa kichwa taratibu, kama anayesadiki. "Mwaka gani?"

"Wa tano. Mwezi wa nne."

Mzee akahesabu kimya, midomo ikisogea. Mbithe alijua anachokihesabu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekihesabu asubuhi ile mbele ya naibu chifu.

"Basi alimwona Mwelu."

"Alimwona, mwaitu. Alimwona akitembea."

"Akitembea," Koki akasema. Akaunyosha mkono. "Haya. Chukua."

Mbithe akalishika lile dole gumba, gumu, lenye nyufa za jembe, akalibandika kwenye wino na kulikandamiza kwenye karatasi. Alipotaka kulipanguza kwa leso, Koki aliuvuta mkono wake.

"Liache."

Akaliacha. Jioni hiyo Koki alikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hajawahi kumruhusu mtoto yeyote alifanye. Alhamisi hakunawa. Kikombe cha bati kilishinda kwenye msumari wake, na Mbithe alipochota maji ya hoteli hakusikia sauti yoyote kutoka ndani. Alisimama na kata mkononi, akingoja kuulizwa kama amepima. Hakuulizwa.

Ijumaa alikwenda Voi peke yake. Gabriel alitaka kumsindikiza, akamwambia abaki. Saa sita alikuwa mbele ya meza ya Mwende, na Mwende aliipokea barua, akaisoma, akalitazama lile dole muda mrefu kuliko barua yenyewe. Akabofya kijisanduku cha katikati. Akaandika tarehe. Akabofya tena, na mahali palipokuwa pekundu kwenye ukurasa wa wadhamini pakageuka kijani.

"Imepita," alisema. "Faili lenu limekamilika, mama. Limekwenda mbele. Hongera."

"Asante."

Mwende alikuwa akilirudisha faili ndani ya ukanda wa tyubu. Akasita, akashusha sauti, akasema kwa Kikamba, "Na pole kwa msiba."

Alilisema kwa heshima tu, kwa sababu ndivyo mtu anavyolelewa. Mbithe alifungua mdomo ajibu kwamba si kitu, ni karatasi. Kilichotoka hakikuwa neno. Alilia pale pale mezani, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye mkoba wa hati, akashindwa kujizuia, na watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yake, na mafaili yao, wakatazama chini. Alikuwa akimlilia mume ambaye hakuwahi kumwona, ambaye angempandia kunde na kumkataza mtoto kujibu vibaya, aliyepewa miaka miwili ya ziada na mkewe kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa. Mwende alimletea kiti. Hakuna aliyemharakisha.

Alipofika Maungu jua lilikuwa limeegemea. Habari ilikuwa imefika kabla yake kwa simu ya Onesmus, na barabarani watu walimpigia vigelegele, yule mama wa mapacha akamkumbatia, Gabriel akaivua kofia yake. Aliwashukuru wote kama anavyopaswa kuwashukuru mweka hazina, akaendelea kutembea.

Koki alikuwa mlangoni. Hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa ameketi chini, kwenye mchanga, miguu ameinyosha mbele, leso ya kichwani imewekwa kando. Dole gumba lilikuwa bado jeusi.

"Wamekubali?" akauliza.

"Wamekubali, mwaitu."

"Wameandika jina lake sawasawa?"

"Sawasawa. Nimeliona mwenyewe."

Koki akavuta pumzi, akaiachilia. "Basi tumeshazika. Niletee maji ninawe."

Mbithe aliingia ndani. Mtungi ulikuwa mmoja, nao ulikuwa nusu, na boza halingepita tena mpaka Jumanne. Alikiangua kikombe cha bati kwenye msumari, akatoka na mtungi mkono mmoja na kikombe mkono mwingine, akachuchumaa, akaanza kumimina polepole mpaka kwenye alama. Koki alisikia sauti ya maji kwenye bati. Akapapasa, akakipata kikombe, akakichukua na kukiweka kando kwenye mchanga.

"Leo usipime," akasema. "Mwaga."

Mbithe akauinamisha mtungi. Maji yakashuka juu ya ile mikono miwili inayosuguana, wino ukaanza kutoka kidogo kidogo, yakapita vidoleni yakaingia mchangani. Aliendelea kumwaga mpaka mtungi ukaisha.